Mguu mmoja ukivimba baada ya safari: Jinsi damu inavyoganda, na inavyokosea

KINYAMASEKE, Kasese – Kuanzia alasiri, magari yanayotoka mpakani Mpondwe hupita hapa moja baada ya jingine. Malori ya kahawa, pikapu za samaki na basi la Kampala hugawana barabara na bodaboda zilizobeba magunia ya maharagwe kuliko uwezo wake. Abiria wa basi la usiku wanajua utaratibu: mzigo mkubwa kwenye buti, mzigo wa thamani miguuni, pesa kiunoni. Magoti yakishabanwa na furushi la vitenge, hayanyooki tena mpaka kupambazuke Kampala.

Chukulia mfano wa mama anayeuza vitenge. Ana miaka 38, amejifungua miezi miwili iliyopita na amerudi barabarani kwa sababu mkopo wa kikundi haungoji. Usiku mzima hanywi maji, kwani basi halisimami ovyo na mwanamke hawezi kushuka gizani. Siku tatu baada ya kurudi nyumbani, kigimbi cha mguu wake wa kushoto kinauma kama cha mtu aliyepigwa na ubao. Jioni yake mguu umevimba, umekaza, na ukiugusa ni wa moto kuliko mwenzake.

Hapo ndipo ushauri unapomiminika. Jirani atasema ni uchovu, achuliwe kwa mafuta ya moto. Mwenye duka la dawa atamchoma sindano ya maumivu. Shangazi atanong'ona kwamba mguu umetegwa, kwamba amekanyaga kitu alichowekewa mlangoni mwa kibanda chake na mtu anayemwonea wivu wa biashara. Wote wanamtakia mema, na wote wanaweza kumpotezea siku ambazo hana. Maana huenda ndani ya mguu huo kuna damu iliyoganda mahali isipotakiwa kuganda, na safari ya bonge hilo kutoka kigimbini hadi mapafuni haihitaji hata dakika moja.

Wavu ndani ya mshipa

Kuganda kwa damu si ugonjwa. Bila kuganda, mwuza samaki anayeteleza na kisu asubuhi angevuja damu hadi jioni. Mwili una fundi wa kuziba tobo, na fundi huyo hufanya kazi kwa hatua.

Kisu kinapokata kidole, mshipa hujikunja na kuwa mwembamba ili damu ipungue. Ukuta wa ndani wa mshipa kwa kawaida ni laini na unateleza, damu haipati pa kushika. Ukichanika, nyuzi ngumu zilizo chini yake huachwa wazi. Katika damu kuna vipande vidogo mno viitwavyo chembe sahani. Mtu mzima mwenye afya ana kati ya 150,000 na 450,000 katika kila tone dogo lenye ujazo wa milimita moja ya mraba kwa kwenda juu milimita moja. Zinapopita juu ya nyuzi hizo, protini maalumu huzinasa. Protini hiyo ina jina la Erik von Willebrand, daktari wa Ufini aliyeeleza ugonjwa wa watu wanaoikosa mwaka 1926. Chembe sahani zikishanaswa hubadilika umbo, huota mikono, hushikana na kuziita nyingine. Ndani ya dakika chache tobo lina kizibo.

Kizibo hicho ni dhaifu, sawa na tope lililosukumwa kwenye ufa wa mtumbwi. Kinahitaji kufungwa, na kazi ya kukifunga hufanywa na protini za kugandisha zinazoelea ndani ya damu zikiwa zimelala. Ya kwanza huamshwa na jeraha, nayo huamsha ya pili, ya pili huamsha ya tatu, na kila moja huamsha nyingi kuliko yenyewe. Wataalamu wamezipa namba kwa herufi za Kirumi, kutoka 1 hadi 13, lakini namba 6 haipo: aliyedhaniwa kuwa wa sita aligundulika baadaye kuwa ni wa tano huyohuyo akiwa macho. Wenye kujaza fomu za forodha wataelewa makosa ya namna hiyo.

Mwisho wa mnyororo huo yupo thrombini. Yeye hukata protini iitwayo fibrinojeni, ambayo imeyeyuka ndani ya damu na haionekani, na kuigeuza nyuzi za fibrini. Nyuzi hizo hujisuka na kuwa wavu. Mvuvi yeyote wa Katwe au Kahendero akiuona wavu huo kwa darubini hatahitaji kuelezwa kazi yake: unanasa chembe sahani, unanasa chembe nyekundu, unakaza. Kinachoonekana juu ya kidole kama kigaga cheusi ni wavu uliojaa.

Karibu protini zote hizo hutengenezwa na ini, na nne kati yake, thrombini ikiwa mojawapo, haziwezi kufanya kazi bila vitamini K, inayopatikana kwa wingi kwenye mboga za majani. Sombe, mchicha na sukuma wiki zina mchango wake katika kila kidonda kinachopona. Habari za vitamini hiyo zitarudi mbele.

Lakini wavu unaosukwa kwa kasi hiyo lazima uwe na breki. Katika damu hiyohiyo kuna protini za kuzima mnyororo, na ukuta mzima wa mshipa pembeni ya jeraha hutoa kemikali zinazozikataza chembe sahani kushikana. Kisha, kidonda kikianza kupona, kimeng'enya kiitwacho plasmini huukata wavu kipande kwa kipande mpaka mshipa uwe wazi tena. Kila saa, mwilini mwa kila mtu, kuna kuganda kidogo na kuyeyusha kidogo. Ugonjwa huanza pale mizani hii inapolalia upande mmoja.

Kiti cha basi

Mwaka 1856, daktari wa Ujerumani Rudolf Virchow alichapisha kazi yake kuhusu mabonge ya damu yanayokutwa ndani ya mapafu ya maiti. Alionyesha kwamba hayakuzaliwa humo: yalikuwa yamesafiri kutoka kwenye mishipa ya mbali, hasa ya miguu. Madaktari hadi leo hufundishwa kwa jina lake sababu tatu za damu kuganda isipopaswa: damu inapokwenda polepole mno, ukuta wa mshipa unapojeruhiwa, na damu yenyewe inapobadilika ikawa nyepesi kuganda.

Kiti cha basi kinaleta ile ya kwanza. Moyo husukuma damu hadi kwenye vidole vya miguu, lakini hauna nguvu ya kutosha kuivuta irudi juu peke yake. Kazi hiyo hufanywa na misuli ya kigimbi. Kila hatua mtu anayotembea, misuli hubana mishipa ya ndani na kuipandisha damu, na vali ndogo ndani ya mishipa huizuia isirudi chini. Mtu akikaa bila kusogeza miguu, pampu imezimwa. Magoti yakiwa yamekunjwa na ukingo wa kiti ukibana nyuma ya paja, damu hutuama nyuma ya vali kama maji ya mtaro ulioziba. Kwenye damu iliyotuama, protini za kugandisha hupata muda wa kukutana, na breki hazifiki.

Jambo hili lilionekana wazi London mwaka 1940, wakati ndege za Ujerumani zilipokuwa zikidondosha mabomu usiku. Watu walilala kwenye mahandaki wakiwa wamekaa, wengi juu ya viti vya turubai vyenye ubao wa mbele unaobana mapaja. Daktari Keith Simpson, mchunguzi wa maiti, aliona vifo vya ghafla vinaongezeka kati ya watu ambao hawakuguswa na bomu lolote. Aliwapasua akakuta mabonge mapafuni. Aliandika hayo katika jarida la Lancet mwaka huohuo, akashauri watu wapewe vitanda.

Shirika la Afya Duniani lilipima tatizo hili upya na kutoa matokeo mwaka 2007. Safari ya kukaa saa nne au zaidi, iwe ya ndege, treni, basi au gari dogo, huongeza hatari ya bonge karibu mara mbili. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, takribani mtu mmoja kati ya 6,000. Mtu wa kawaida anayekwenda Kampala mara moja kwa mwaka asikose usingizi kwa ajili hiyo.

Mfanyabiashara ana hesabu tofauti. Watafiti hao hao waliona kwamba hatari haiishi mtu anaposhuka garini. Huendelea kwa takribani wiki nne. Anayesafiri mara nyingi ndani ya muda mfupi huanza safari mpya kabla ya ile ya zamani kumwisha mwilini. Waliona pia kwamba wanene, watumiaji wa vidonge vya uzazi wa mpango, warefu sana na wafupi chini ya mita 1.60 wana hatari zaidi. Urefu mfupi unaweza kushangaza, lakini kiti cha basi hakikutengenezwa kwa kila mguu: miguu isiyofika sakafuni huning'inia, na uzito wote hulalia nyuma ya paja.

Ndiyo maana mama wa vitenge ni mfano mzuri, na si kwa uzuri wake. Ujauzito hubadilisha damu makusudi: mwili huongeza protini za kugandisha ili mama asivuje damu hadi kufa siku ya kujifungua. Zawadi hiyo haiondoki siku mtoto anapozaliwa. Wiki sita za kwanza ndizo za hatari kubwa kabisa, na mizani hurudi taratibu baada ya hapo. Kwake sababu mbili za Virchow zimekaa kiti kimoja.

Wengine wenye damu nyepesi kuganda ni waliofanyiwa upasuaji karibuni, hasa wa nyonga, goti au tumbo, waliovunjika mguu na kufungwa plasta, wenye saratani, wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wenye kifua kikuu, na wale waliowahi kupata bonge zamani. Umri nao huchangia. Vidonge vya uzazi wa mpango vinavyohusika ni vile vyenye homoni ya estrojeni, na hata kwa hivyo ujauzito wenyewe una hatari kubwa kuliko kidonge, kwa hiyo hakuna sababu ya kuvitupa dirishani bila kuzungumza na mhudumu wa afya.

Selimundu inastahili kutajwa peke yake, hasa katika milima hii. Ng'ambo ya Rwenzori, huko Bundibugyo, watafiti Hermann Lehmann na Alan Raper waliandika mwaka 1949 kwamba karibu watu 45 kati ya kila 100 wa jamii ya Baamba walibeba chembe za ugonjwa huo, moja ya viwango vya juu kabisa vilivyopata kuandikwa duniani. Vipimo vya watoto wachanga nchi nzima, vilivyochapishwa mwaka 2016, vilionyesha kuwa asilimia 13.3 ya watoto wa Uganda ni wabebaji na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Kwa mwenye ugonjwa, chembe nyekundu hupinda kama mundu, hukwaruza ukuta wa mshipa, hunata, na kuziba njia. Mtoto wa miaka sita anaweza kupata kiharusi. Hapo sababu zote tatu zipo pamoja.

Usichue, pima

Dalili za mguuni ni chache na zinajulikana: uvimbe wa mguu mmoja, maumivu ya kigimbi au paja, joto, na ngozi kubadilika rangi. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa baada ya safari, mara nyingi ni maji tu yaliyotuama, nayo hupungua mtu akilala. Mguu mmoja ni habari nyingine. Bonge likikatika na kufika mapafuni, mtu hupungukiwa pumzi ghafla, kifua humchoma anapovuta hewa, moyo humwenda mbio, huenda akakohoa damu au kuzimia. Hiyo si ya kusubiri asubuhi.

Kuchua mguu wa namna hiyo ni kosa kubwa, kwa kuwa mkono wa mchuaji unaweza kulikata bonge na kulipa nauli. Sindano ya maumivu huondoa kelele na kuliacha tatizo. Kinachotakiwa ni daktari kuuliza historia, kuupima mguu kwa utepe akiulinganisha na mwenzake, na kuutazama kwa mashine ya altrasaundi, ileile inayotumika kuwaangalia wajawazito.

Dawa zikianzishwa, mgonjwa wengi humwelewa vibaya daktari. Wanadhani dawa huyeyusha bonge. Heparini ya sindano na vidonge kama warfarini havifanyi hivyo. Vinazuia tu wavu usiendelee kusukwa, ili plasmini ya mgonjwa mwenyewe ipate nafasi ya kuukata. Kazi hiyo ni ya miezi, angalau mitatu. Anayeacha vidonge wiki ya pili kwa sababu uvimbe umepungua anaurudisha mchezo mwanzo.

Warfarini ina historia ambayo kila mwenye ghala la mahindi ataitambua. Miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walianza kufa kwa kuvuja damu baada ya kulishwa majani yaliyooza kwa ukungu. Karl Link na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin waliipata kemikali iliyohusika, wakatengeneza jamaa yake mwenye nguvu zaidi, na mwaka 1948 ikaanza kuuzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 iliruhusiwa kwa binadamu, kwa kipimo kidogo, na mwaka uliofuata Rais Dwight Eisenhower wa Marekani aliitumia baada ya kupata shtuko la moyo. Huizuia vitamini K isitumike na ini. Ndiyo sababu mgonjwa anayekula sombe kila siku akiwa Beni, kisha akakaa wiki mbili Kampala kwa chipsi na nyama, atakuta damu yake imeyumba. Hakatazwi mboga, anatakiwa ale kiasi kilekile kila wiki, na apimwe damu mara kwa mara. Anayevuka mpaka abebe pia karatasi yenye jina la dawa na kipimo. Kwa Kifaransa upande wa Kasindi na kwa Kiingereza upande wa Mpondwe, jina la warfarini husomeka vilevile.

Damu isiyotaka kuganda

Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani bado ni ndugu wa warfarini, tena wa kizazi kipya wanaokaa mwilini kwa wiki nyingi. Nyingine zisizo na lebo, zinazopimwa kwa kijiko sokoni, ni za namna tofauti kabisa na huua kwa njia nyingine, kwa hiyo pakiti ni ya kubeba hospitalini. Mtoto aliyeokota chambo ghalani anaweza kuonekana mzima siku mbili za kwanza, kwa kuwa ini bado lina akiba. Akiba ikiisha, ufizi huanza kutoa damu, mkojo hubadilika rangi, michubuko hujitokeza bila kuanguka. Dawa yake ipo, ni vitamini K, lakini lazima ianze na itolewe kwa muda mrefu.

Kwa wakulima wa pamba na mahindi wa tambarare hii, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kuna mwizi mwingine wa kugandisha: nyoka. Kifutu, ambaye wengine humwita moma, hulala njiani na hasogei mpaka akanyagwe. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama, na wakati mwingine huvuruga damu. Yupo pia nyoka wa kijani wa mitini mwenye macho makubwa, ajulikanaye kwa jina la boomslang, ambaye ni mpole lakini sumu yake ni ya ajabu. Haizuii kuganda. Inauamsha mnyororo wote kwa mkupuo, fibrinojeni yote inageuzwa nyuzi ndogondogo na kumalizika, na damu inabaki maji. Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa Chicago, aliumwa na kinda la nyoka huyo mwezi Septemba 1957. Alirudi nyumbani akiandika dalili zake kwenye daftari, akidhani dozi ilikuwa ndogo. Siku iliyofuata alikufa.

Kipimo cha jambo hili ni miongoni mwa vya bei rahisi kabisa katika utabibu, na kinafaa kituo chochote cha afya. Mililita mbili za damu ya mgonjwa hutiwa kwenye chupa ndogo ya kioo, safi na kavu, ikaachwa dakika 20 bila kuguswa. Kisha huinamishwa. Damu ikiwa imeshikana, vema. Ikimwagika kama chai, protini zimekwisha na mgonjwa anahitaji dawa ya sumu ya nyoka. Lazima iwe kioo, kwani plastiki haiamshi mnyororo na itatoa jibu la uongo.

Mwizi wa tatu ndiye aliyeifanya Bwera ijulikane duniani. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa Kivu Kaskazini. Hadi ulipomalizika Juni 25, 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo na familia yake alifikishwa hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa kitengo cha Ebola Bwera. Tarehe 11 vipimo vilithibitisha. Yeye, mdogo wake na bibi yao walifariki. Serikali ilisimamisha mikusanyiko Kasese, masoko yakiwemo, na wafanyabiashara wa barabara hii wanakumbuka gharama yake bila kusaidiwa.

Virusi vya Ebola huvamia chembe za ulinzi za mwili na kuzifanya zitoe ishara ileile inayotolewa na mshipa uliokatwa. Mwili unadhani umejeruhiwa kila mahali. Mabonge madogo husukwa kwenye mishipa myembamba ya figo, ini na viungo vingine, yakivinyima damu. Wakati huohuo ini, ambalo lingetengeneza protini nyingine, nalo limeshambuliwa. Hivyo mgonjwa mmoja anakuwa na magonjwa mawili yaliyo kinyume: damu inaganda isipotakiwa, na inakataa kuganda inapotakiwa, kwa sababu vifaa vyote vimekwisha kwenye kazi ya bure.

Hata hivyo, picha ya mgonjwa wa Ebola anayetapakaa damu imewapotosha wengi. Wagonjwa wengi hawavuji damu kwa kuonekana; hufa kwa kupoteza maji na viungo kushindwa. Dalili za mwanzo ni homa, unyonge, kichwa, kutapika, kuhara, mambo ambayo katika Kasese huitwa malaria. Anayengoja kuona damu ndipo aamini amechelewa sana, na waliomhudumia nao wamechelewa.

Tarehe 28 Agosti 2019 msichana wa miaka tisa kutoka Kongo aligunduliwa kwenye ukaguzi wa afya Mpondwe, akapelekwa moja kwa moja Bwera. Hakupata nafasi ya kukaa kwenye foleni ya kliniki, wala ya kupanda basi la Kampala. Naye hakupona, lakini ukaguzi ule, ambao wafanyabiashara walikuwa wakiulalamikia kwa kuchelewesha samaki, ulikuwa umefanya kazi yake.

Kwa hiyo mtu akifika kituo cha afya akiwa na ufizi unaotoa damu bila kuumia, muuguzi ana maswali matatu ya haraka. Unameza dawa gani, au umegusa sumu gani? Umeumwa na nyoka? Umetoka wapi wiki tatu zilizopita? Mawili ya kwanza hujibiwa bila shida. La tatu ndilo humfanya mfanyabiashara aliyevuka Mto Lhubiriha kwa njia ya panya atazame chini, afikirie mzigo ambao haukulipiwa ushuru, na kusema kwamba hajatoka nje ya Kinyamaseke. Muuguzi si wa forodha. Glovu anazovaa, chumba anachompeleka mgonjwa na watoto anaowatenga naye vinategemea jibu hilo.